Aliyetundika Karatasi

Shefu alizaliwa wapi, sitaandika. Baba yake alikuwa nani, hilo nalo sitaandika. Hapa Bunia ukishasema mtu katoka kijiji gani umeshasema na mengine yote, na msomaji ataacha kusoma aanze kuuliza moyoni: huyu ni wetu au ni wao? Shefu hakuvumilia swali lile. Basi nianze na koti lake.

Koti lilikuwa moja tu, la rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nimeandika kahawia. Yeye mwenyewe amenisahihisha, na nitaeleza ilikuwaje. Alilifunga vifungo vyote hata saa saba mchana, jua likichoma mabati ya chuo mpaka siye tukajipepea kwa madaftari. Alilifua kwa mikono yake Jumamosi, siku ya posho, na kama mvua ililikuta kwenye kamba, kesho yake alikwenda nalo kanisani likiwa bado bichi. Watu wa benchi lake walilalamika. Yeye alisema Mungu anajua mvua ya Ituri.

Kwa cheo alikuwa chef de travaux, ngazi moja chini ya profesa, ndiyo maana wanafunzi wote tulimuita Shefu. Alitufundisha kuandika, mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja cha hapa mjini. Kozi ilikuwa ya Kifaransa. Lakini Shefu alitutukana kwa Kifaransa na kutufundisha kwa Kiswahili, na mtu akimuuliza sababu, alijibu kwamba matusi yanahitaji sarufi nzuri.

Alichukia wachelewaji. Yeye mwenyewe alichelewa karibu kila siku, kwa sababu toka kartie Lumumba, mtaa anakokaa, mpaka chuoni, hakuweza kumpita mama muuza ndizi bila kumuuliza habari ya goti lake, wala fundi wa baiskeli bila kumuuliza mtoto amepona. Akifika anatukuta tumeshakaa. Anatazama saa yake, anatutazama siye, halafu anasema, "Nani amechelewa leo?"

Jambo lililotushangaza siku ya kwanza ni kwamba hakuita majina. Walimu wengine wote walisoma orodha kwa sauti, na kila jina likitajwa vichwa viligeuka. Amani ya miaka ile ilikuwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali juzi: anatembea, anacheka, lakini hakuna anayethubutu kumpiga bega. Sokoni watu walisalimiana, wakanunua na kuuziana, na bado kila mmoja alijua njia gani asipite jua likishazama. Jina la mtu lilitosha kusema anatoka upande gani. Shefu aliiweka ile orodha mfukoni bila kuifungua, akatutazama mmoja mmoja.

"Weye wa mulango," akasema. "Weye wa ukuta. Weye wa nyuma mwenye kusinzia. Na weye wa dirisha."

Wa dirisha nilikuwa mimi. Nilidhani ni kiburi. Nilimwambia mwenzangu, "Huyu muzee anatuona siye ni viti." Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba katika darasa lile, mwaka mzima, hakuna mtu aliyesimamishwa mbele ya wengine na kabila lake. Ukitaka kujua jinsi nilivyokuwa mjinga, anzia hapo.

Maneno yake ya kila siku yalikuwa haya: "Mikono iko wapi?"

Yalianza na kazi ya yule wa mlango. Aliandika ukurasa mzima kwamba vita ni kitu kibaya, kwamba vijana ni wajenzi wa kesho, kwamba tushikamane. Shefu alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Vita ni mubaya. Nani anakataa? Mikono iko wapi hapa?"

"Mikono gani, Shefu?"

"Mikono ya mutu! Siku muliporudi nyumbani toka kambini, mama yako alifanya nini na mikono yake?"

Yule wa mlango alifikiri. Akasema mama yake alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba akaanza kuchimba. Alikuwa amefukia sufuria lake kubwa kabla ya kukimbia. Alilitoa, akalipangusa udongo kwa kitenge, akalia kidogo, akaweka maji ya ugali.

"Sasa ile njo andika," Shefu akasema, yaani hilo ndilo la kuandika.

Toka siku ile tulitafuta mikono kila mahali. Yeye mwenyewe aliugua ugonjwa huo kuliko siye. Kanisani, mhubiri akipaa na maneno makubwa juu ya upendo, Shefu alisikika akinong'ona, "Mikono iko wapi?" Katika harusi ya mwalimu mwenzake, mjomba wa bibi arusi alihutubia mpaka chakula kikapoa, na swali lile likatoka kwenye meza ya walimu kwa sauti iliyosikika. Mjomba aliitazama mikono yake mwenyewe, akadhani ameshika glasi vibaya.

Mimi nilikuwa hodari. Niseme tu, sina haya na hilo, nina haya na yaliyobaki. Nilishika upesi alichotaka. Na nilikuwa na habari ambayo wengine hawakuwa nayo, habari ya mama mudogo wangu, mdogo wake mama yangu.

Vita vilipoanza, mama mudogo alikuwa Fataki, mbali na Bunia, amepeleka vitenge vya kuuza. Njia ilifungwa nyuma yake. Watu wa nyumba moja, watu wa ule upande mwingine, walimuficha kwenye shimo la viazi nyuma ya jiko, wakafunika kwa mbao na majani, akakaa humo majuma mpaka alipopata njia ya kurudi. Mwenye nyumba, mama mudogo alimjua kwa jina tu; alishawahi kumuuzia kitenge. Nilipomuuliza zaidi, alinijibu hivi:

"Chakula ilikuwa inaingia kwa katundu kadogo. Mi sikuona mutu. Niliona sahani tu."

Sahani tu. Sasa mwanafunzi wa Shefu atafanya nini na sahani isiyo na mikono? Niliiwekea. Niliandika mikono mikubwa ya mwanaume mlimaji, udongo ndani ya kucha, ikisukuma sahani polepole kama mtu anayelisha ndege na kuogopa kumrusha. Nilikaa sana juu ya sentensi ile. Nikaandika na jina la mwenye nyumba, jina zima, kwa sababu nilitaka kumshukuru. Naapa nilitaka kumshukuru.

Shefu aliisoma kwa sauti darasani, amesimama. Alipofika kwenye mikono alivua miwani.

"Hapa," akasema, "hapa mikono iko."

Nilipata dix-sept, kumi na saba juu ya ishirini, points ambazo hakuwa amempa mtu. Akaichukua ile karatasi akaenda kuitundika kwenye valve, kile kibao cha matangazo nje ya sekretariati, ili chuo kizima kisome. Juma lile nilikuwa na kazi nyingi sana za kupita mbele ya sekretariati.

Kwa miguu Fataki ni mbali. Kwa maneno ni karibu sana. Mtu alisoma, akamwambia mtu, naye akapanda gari la soko. Mimi nilidhani nimeandika habari ya wema. Kule Fataki watu wa upande wa mwenye nyumba waliisoma kama mashtaka: fulani, mtu wetu, wakati wetu wanakufa, alikuwa anamlisha mtu wao. Walikuja kumuuliza nyumbani kwake. Alikubali. Hawakumuua, hapana, lakini waliongea naye kwa namna ambayo juma lile lile alifunga mizigo akaondoka na bibi yake, yaani mke wake, kwenda Mambasa, kule msituni wasikojulikana, akaacha nyumba na shamba la maharagi yaliyokuwa karibu kuvunwa. Watu husema, "Ni heri hakuna aliyekufa." Hata mimi nimeyasema sana maneno hayo, hasa nikiwa peke yangu.

Chuo kilikaa kikao. Niliitwa. Nilivaa blauzi nyeupe ya mitihani, nikawa nazungusha kifungo kimoja kilichokuwa kimelegea. Shefu alizungumza kabla yangu.

"Mwanafunzi alifanya kazi ya darasa," alisema, kwa Kifaransa chake cha matusi lakini bila matusi. "Kazi ya darasa inabaki darasani. Aliyeitoa nje ni mimi. Ni mimi nilitundika."

Wakanigeukia. Una kitu cha kuongeza? Nilikuwa nacho. Nilitaka kusema kwamba jina lile niliandika mimi, kwamba mama mudogo aliniambia habari ile jikoni, akiwa anachambua mchele, na sikumuuliza kama naweza kuipeleka nje ya jiko. Kifungo kikang'oka kikabaki mkononi mwangu.

"Hapana," nikasema. Nikaenda nyumbani nikakishona.

Yeye hawakumfukuza. Walimwacha pale pale alipokuwa. Wenzake walipanda cheo, wengine wakaenda Kisangani, wengine wakarudi maprofesa na mikoba mipya. Yeye alibaki chef de travaux na koti lake. Kila mwaka wanafunzi wapya walipofika, wa zamani waliwaonyesha kwa kidole: "Mumuone yule, ni yeye alitundika karatasi, mutu akafukuzwa kwake." Nani aliiandika, hakuna aliyeuliza.

Baada ya kikao Shefu alirudi darasani, na pamoja na swali lake la zamani akawa na jipya. Ukimpelekea kazi yoyote inayomhusu mtu aliye hai, hakuifungua kwanza. Aliuliza, "Ulimusomea?" Yaani umekwenda kwa mwenyewe, umemsomea kwa Kiswahili yale uliyoandika kwa Kifaransa, umerudi na neno lake? Kama bado, alikurudishia karatasi bila kuigusa.

Tulihangaika! Yule wa ukuta aliandika juu ya mchungaji wao. Mchungaji alisikiliza, akasema ni fupi, akaomba yaongezwe mafundisho yake mawili. Yule mwenye kusinzia aliandika juu ya mama mkwe wa kaka yake, kwamba ana jino moja. Alirudi amekasirika.

"Anasema meno iko mbili, Shefu. Alifungua kinywa, akanionyesha."

"Na ziko mbili?"

"Ziko mbili."

"Sasa unaona," Shefu akasema. "Ungemuibia mama wa watu jino."

Tulicheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeketi pale dirishani, na swali ambalo darasa zima lilijua limetoka wapi likawa mchezo, kama vile halikutoka kwenye karatasi yangu.

Hivyo ndivyo nilivyokua, kama hiyo inaitwa kukua. Nilimaliza chuo, nikapata kazi ya kuandika habari za watu kwa redio moja ndogo. Kila niliyemuandika nilimsomea kwanza. Nilijifunza mengi kwa njia ile: kwamba mtu ukimsomea habari yake atakuonyesha mahali ulipodanganya bila yeye kujua kwamba anakuonyesha, kwamba sentensi niliyoipenda sana mara nyingi ndiyo inayomfanya akunje uso. Wasikilizaji wananisifu. Wanasema, "Yule mama anaandika kwa heshima." Heshima gani? Ni woga. Kila nikishika biki naona shamba la maharagi ambalo sijapata kuliona.

Na Shefu, je? Bunia si mji mkubwa. Nikiliona lile koti linakuja upande wangu wa bulvari, nilivuka barabara. Nilikuwa na sababu kila mara: jua, haraka, simu. Mara moja aliniwahi. "Wa dirisha!" aliita mbele ya watu. "Nakusikia mu radio. Iko muzuri. Lakini unasoma mbio." Nikamshukuru, nikaondoka mbio.

Mwaka huu macho yake yameanza kuingia ukungu, na chuo kimempumzisha. Wanafunzi wa zamani tumekubaliana kutoa kijitabu kidogo cha kumuaga, nami wakanipa kazi ya kuandika picha yake kwa maneno. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nitaandika jina lake kwa herufi kubwa juu kabisa, na chini yake nitaandika kwamba karatasi ile ilikuwa yangu, jina la yule papa, mwenye nyumba wa Fataki, niliandika mimi, na niliulizwa kama nina kitu cha kuongeza nikasema hapana. Mji mzima usome. Nitalisafisha jina lake.

Lakini kwa sheria yake mwenyewe ilinibidi nimsomee kwanza. Niliahirisha na kuahirisha, mpaka wa mlango, ambaye sasa ni mkubwa wa shule, akanipigia simu kunigombeza.

Nilimkuta kwenye barza ya nyumba yake, mchana, anamenya karanga kwenye sahani ya plastiki.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Shefu. Wa dirisha."

"Ah! Ikala hapa kwa kiti. Kula karanga."

"Shefu, niliandika juu yenu. Ni ya kijitabu ya kuwaaga."

"Ya kuniaga ao ya kunizika?"

"Ya kuwaaga, Shefu."

"Bon. Soma. Lakini usisome kama mu radio. Soma kama mutu."

Nikasoma. Kwenye kahawia akanikatiza hapo hapo.

"Koti haikukuwa kahawia. Ilikuwa ya majivu. Miaka yote ile ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikafuta. Kwenye mama wa ndizi alicheka, akasema goti lile halikupona kamwe. Kwenye kuchelewa alikunja uso.

"Andika kama sikuwa nachelewa."

"Shefu, mulikuwa munachelewa."

"Acha basi. Endelea."

Nikaendelea mpaka Fataki, mpaka shimo la viazi na mikono. Nilijikaza, kwa sababu mbele zaidi kulikuwa na lile neno "hapana" langu, na nilitaka alisikie. Sikufika. Aliinua mkono uliokuwa na ganda la karanga.

"Simama pale. Ule papa, ulimusomea?"

"Shefu, alienda Mambasa."

"Mi najua kama alienda Mambasa. Niko nakuuliza, ulimusomea?"

"Hapana, Shefu."

"Sasa hautaweza tena. Alishakufa, kule kule."

Sikujua. Miaka yote ile nilimbeba kichwani akiwa hai, nikijiambia siku moja nitakwenda.

"Mi nilimusomea," Shefu akasema. "Vakansi ya mwaka ule ule, chuo ilikuwa imefungwa. Nilipanda Fuso ya mizigo, nikamupata anapasua mbao kwa mutu. Nikamusomea kwa Kiswahili, yote. Kufika kwa ile mikono, akacheka mpaka akakohoa."

"Akacheka?"

"Akaniambia, 'Muwalimu, ile mikono haiko yangu. Mi nilikataa. Nilimuambia bibi yangu, toa huyu mutu mu shimo, atatuuwisha siye wote. Yeye akakataa kumutoa. Majuma yote ile sikumuongelesha. Ni yeye alikuwa anapeleka sahani.' Nikamuuliza, na walipokuja kukuuliza? Akasema, 'Nikasema ni mimi. Ulitaka niseme nini? Niwaonyeshe bibi yangu?'"

Yule papa alisema "ni mimi" kwa kitu alichokikataa. Shefu alisema "ni mimi" mbele ya kikao. Mimi, niliyeandika, niliyebuni hata ile mikono, nilikuwa nashona kifungo. Na ile sentensi ya dix-sept, sentensi iliyonifanya niamini kwamba naweza kuandika, ndiyo iliyokuwa ya uongo kuliko zote.

Nilikasirika. Ndiyo, nilimkasirikia yeye, ona roho yangu ilivyo.

"Ju ya nini hamukuniambia?"

"Ungeacha kuandika."

"Na kama ningeacha?"

Alitafuta sahani kwa vidole, akaweka karanga moja.

"Wale watu wangekuwa wamefukuzwa kwao bure," akasema. "Bibi yake iko, Mambasa. Enda umusomee."

Nilikwenda. Njia ya kupitia Komanda ilikuwa matope, kisha miti, kisha miti tena. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mbao, anatwanga sombe, majani ya muhogo, mama mnene kidogo mwenye sauti ya chini. Nilijitambulisha kama mtoto wa yule mama wa vitenge wa shimoni. Hakuacha kutwanga. Nikamsomea yote, tangu koti. Alitwanga mpaka nilipofika kwenye mikono. Hapo mchi ulisimama.

"Mwanaume mulimaji," akarudia. "Na udongo mu kucha."

"Mama, nilibuni. Sikujua. Munisamehe."

Aliuliza jambo jingine kabisa.

"Ule mama yako mudogo, iko?"

"Iko, mama. Anauza vitenge tena."

"Anapenda chumvi sana. Nilikuwa nasikia anajisemea mule ndani: hii chakula haina chumvi. Chumvi ilikosa siku zile! Nilikuwa nachukia kweli." Na akacheka, na mimi nikalia, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Halafu akanipa neno lake. "Andika kama ni mimi nilikuwa napeleka sahani. Bwana yangu alishakwenda, watanifanya nini tena. Andika kama yeye alisema ni yeye. Ile uandike muzuri. Jina, hapana. Na mikono yangu, hapana. Mikono ulishaandika mara moja."

Mikono yake ilikuwa mbele yangu, juu ya mchi, wakati wote niliokuwa pale. Niliitazama vya kutosha. Siiandiki.

Nilirudi Bunia nikaenda Lumumba moja kwa moja na matope yangu. Shefu alikuwa kwenye barza.

"Ulimusomea?"

"Nilimusomea, Shefu."

Nikamweleza yote, na habari ya chumvi. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na mikono iko wapi?"

"Alikataa, Shefu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Bon," akasema. "Soma tena, toka juu."

Nikasoma kuanzia kichwa cha habari, ambacho kilikuwa jina lake. Hakuningoja nifike mbali.

"Jina yangu, toa."

"Shefu! Hii yote niliandika ju ya kusafisha jina yenu."

"Niko najua. Toa."

"Lakini watu watabaki wanasema ni ninyi mulitundika."

"Ni mimi nilitundika," akasema. Kisha, kwa sauti ya darasani: "Ule mama hana jina mu karatasi yako. Bwana yake alikufa, na jina yake iko chafu kule kwao, na hauwezi kuisafisha. Mi njo nibaki na jina, peke yangu? Toa, wa dirisha. Mimi nakuomba."

Nilitoa biki. Niliweka karatasi juu ya goti, nikawa nakata jina lake kila mahali lilipokuwa, mimi niliyekuja kulisafisha. Na kila nilipokata nilimsomea sentensi jinsi ilivyobaki, kwa sababu hakuweza kuona. Ya kwanza ilisema: Shefu alizaliwa wapi, sitaandika.

"Hii iko muzuri," akasema, akanisogezea sahani. "Endelea. Lakini polepole."